Hua wawili wa Maria: Kafara kabla na baada ya Hekalu

Siku arobaini baada ya kujifungua, Maria alipanda Yerusalemu pamoja na Yusufu, mtoto wao mchanga mikononi, wakapeleka Hekaluni ndege wawili. Injili ya Luka inalisema jambo hili kwa mstari mmoja, nasi tuliolisikia tangu utotoni huuvuka upesi ili tufike kwa mzee Simeoni. Aliyekwisha kuisoma sura ya 12 ya Mambo ya Walawi hawezi kuuvuka. Sheria ilimtaka mama aliyezaa alete mwanakondoo na ndege mmoja. Asipokuwa na uwezo, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Hivyo Luka anatuambia, bila kupaza sauti, kwamba nyumba ya Yusufu ilikuwa ya watu maskini. Lipo na la pili. Kati ya ndege hao, mmoja alikuwa sadaka ya kuteketezwa, na mwenzake alikuwa sadaka ya dhambi.

Dhambi gani? Torati yenyewe inawaagiza wanadamu wazae waijaze nchi. Mama aliyetii agizo hilo, akavumilia uchungu, akanyonyesha siku arobaini, alikuwa amekosa nini hata ndege amwage damu kwa ajili yake? Niliuliza swali hili nikiwa darasa la kipaimara, nikaambiwa ni mafumbo. Tangu hapo limenikaa kichwani, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba asiyelijibu hawezi kuelewa ibada ya kale ya Wayahudi, wala hawezi kueleza sawasawa kile ambacho Wakristo wanakikiri juu ya Msalaba.

Anayezungumza Kiswahili ana msaada ambao Mwingereza au Mjerumani hana, nao ni maneno anayoyatumia kila siku. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, na Kiarabu kimetuachia urithi mkubwa. Kitu kinacholetwa madhabahuni Waebrania walikiita korban, kutokana na mzizi uleule wa Kisemiti uliotupa neno “karibu”. Korban ni kile mtu anachomkaribia nacho Mungu. Zevach, mnyama wa kuchinjwa, ni ndugu wa “dhabihu”, na mizbeach ndiyo “madhabahu”. Neno kipper, lililozaa jina la Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, ni ndugu wa “kafara”. Katika Kiakadi, lugha kongwe ya Babeli, mzizi huohuo ulitumika kwa kazi ya kupangusa na kusugua kitu hadi kitakate. Kukaribia na kupangusa: maneno hayo mawili yatatufaa mbele.

Hekalu alilolijua Maria lilikuwa la pili. La kwanza, linalohusishwa na Mfalme Sulemani, liliteketezwa na jeshi la Nebukadreza mwaka 586 KK. Waliorudi kutoka uhamishoni Babeli walijenga jipya, likakamilika mwaka 515 KK au karibu na hapo, na Herode Mkuu alianza kulipanua na kulipamba karibu mwaka 20 KK. Humo, kila siku iliyopambazuka, walitolewa wanakondoo wawili, mmoja asubuhi na mmoja alasiri, Sabato na sikukuu zikiwemo. Sadaka hiyo iliitwa tamid, yaani ya daima.

Jinsi ilivyoendeshwa tunaisoma zaidi katika Mishna, mkusanyo wa sheria na mapokeo uliokamilishwa huko Galilaya karibu mwaka 200 BK chini ya Rabi Yehuda ha-Nasi. Hekalu lilikuwa limeanguka zaidi ya miaka mia moja nyuma, kwa hiyo haya ni masimulizi ya kumbukumbu. Hata hivyo yana vijambo vidogo ambavyo mtu havitungi akiwa amekaa mezani.

Usiku haujaisha. Kuhani aliyeangukiwa na kura ya kuzoa majivu anakwenda peke yake, miguu mitupu, bila taa. Mwanga alionao ni wa moto wa madhabahu. Wenzake hawamwoni wala hawamsikii, mpaka ulie mtambo wa mbao wa kupandishia birika la kunawia, uliotengenezwa na mtu aitwaye Ben Katin. Wakisikia mlio huo wanajua amefika. Wakiona ameshuka kutoka madhabahuni, nao wanakimbilia birikani kunawa mikono na miguu. Kura zinapigwa tena: nani achinje, nani anyunyize damu, nani apandishe viungo. Mmoja anatumwa juu kutazama kama kumekucha, na wa chini wanamuuliza kama weupe umefika hadi Hebroni. Mwanakondoo, ambaye alikaguliwa jana yake, anakaguliwa upya kwa mwanga wa mienge na kunyweshwa maji katika kikombe cha dhahabu. Anachinjwa upande wa kaskazini wa madhabahu. Damu inakingwa katika chombo, kisha inarushwa kwenye pembe mbili zinazotazamana kimshazari, hivyo pande zote nne zinapata. Makuhani wanapanga mstari, kila mmoja na kiungo chake, wanapanda mteremko wa mawe ulio upande wa kusini. Unga unafuata, kisha divai. Divai inapomiminwa tarumbeta zinalia, na Walawi wanaimba zaburi ya siku hiyo.

Madhabahu yenyewe ilijengwa kwa mawe mazima, yasiyoguswa na chuma. Kitabu cha Kutoka ndicho kilichoagiza hivyo, na Mishna inatoa sababu ambayo kila mhubiri angepaswa kuijua: chuma kiliumbwa kufupisha siku za mwanadamu, na madhabahu iliumbwa kuzirefusha, kwa hiyo haifai kile kinachofupisha kiinuliwe juu ya kile kinachorefusha. Waliokuwa wakichinja kila siku mahali pale waliona, basi, kwamba wanatumika kwenye kituo cha uhai.

Maria hakuyaona haya kwa karibu. Wanawake waliotoka kujifungua walisimama kwenye Lango la Nikanori, juu ya ngazi kumi na tano zilizopinda kama nusu duara, mpakani mwa ua wa wanawake. Ndege hawakulazimika kubebwa kutoka nyumbani. Hekaluni kulikuwa na masanduku kumi na matatu ya fedha yenye midomo iliyochongwa kama pembe, na baadhi yake yalikuwa ya fedha za ndege. Mtu alitumbukiza bei yake, makuhani wakashughulikia. Bei hiyo iliwahi kupanda vibaya. Mishna inasimulia kwamba jozi moja ilifika dinari ya dhahabu, mzigo usiobebeka kwa mke wa kibarua, tena wanawake wengine walikuwa na deni la jozi tano kwa uzazi wa mara tano. Rabani Shimon ben Gamlieli akaapa kwamba hatalala mpaka bei ishuke. Akaingia barazani akafundisha kwamba mwanamke wa namna hiyo alete jozi moja tu, na hizo nyingine zisimfunge. Siku hiyohiyo bei ikaporomoka hadi sehemu ndogo ya dinari ya fedha. Naipenda sana habari hii. Inamwonyesha mkuu wa dini akiitumia elimu yake yote kumfungulia maskini njia.

Turudi kwenye swali. Mambo ya Walawi inataja aina tano za sadaka: ya kuteketezwa, ya unga, ya amani, ya dhambi na ya hatia. Nyingi hazikuhusu makosa. Sadaka ya amani ilikuwa karamu: mafuta yaliteketezwa, kuhani alipewa kidari na paja, na mwenye mnyama alikula iliyobaki pamoja na jamaa zake. Sadaka ya dhambi, ambayo Kiebrania huiita chattat, ndiyo iliyotufunga. Nayo ililetwa na mama aliyezaa, na Mnadhiri aliyemaliza nadhiri yake salama, na mtu aliyepona maradhi ya kutokwa. Hata madhabahu mpya, isiyo na nafsi wala hiari, ilitolewa chattat ilipowekwa wakfu. Hakuna kati ya hao aliyekosa.

Jacob Milgrom, rabi na mwanazuoni aliyefundisha Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alitumia miaka mingi ya maisha yake kwenye kitabu hiki kimoja. Buku la kwanza la ufafanuzi wake lilitoka mwaka 1991, nalo peke yake lina kurasa zaidi ya elfu moja. Hoja yake kuu ni nyepesi kuifuata. Angalia, alisema, damu ya chattat inapakwa wapi. Haipakwi kamwe mwilini mwa aliyeileta. Inapakwa kwenye pembe za madhabahu, mbele ya pazia, na mara moja kwa mwaka ndani kabisa. Kwa hiyo kinachosafishwa ni Nyumba. Unajisi na dhambi za watu hupanda na kujikusanya humo kama masizi kwenye dari la jiko la kuni. Kosa la mtu mmoja hufika madhabahu ya uani. Kosa la taifa zima huingia hadi ukumbi wa ndani. Uasi wa makusudi hupenya hadi Patakatifu pa Patakatifu. Yasipopanguswa, yule anayekaa humo huondoka. Damu ndiyo inayopangusa, kwa sababu, kama inavyosema sura ya 17, uhai wa mwili umo katika damu. Mauti inafutwa kwa uhai. Ndiyo maana Milgrom aliona jina “sadaka ya dhambi” linapotosha, akapendekeza “sadaka ya utakaso”.

Maria, basi, hakuwa na kosa la kujibu. Alikuwa ametoka mahali ambapo uhai na mauti hukutana, damu imemtoka, na ndege yule alimrudisha karibu.

Si wasomi wote wanaokubaliana na Milgrom kila hatua. Wapo wanaosema kwamba mkono uliowekwa juu ya kichwa cha mnyama kabla ya kuchinjwa ulikuwa alama ya mtu kuhamisha hatia yake, au ya kumfanya mnyama asimame badala yake. Lakini wanaotaka kusema kwamba mnyama alikuwa akiadhibiwa wana kikwazo kimoja kikubwa, nacho ni unga. Sura ya 5, mstari wa 11: asiyeweza kupata hata njiwa wawili alete sehemu ya kumi ya efa ya unga safi, bila mafuta wala ubani, nao ukubaliwe kuwa sadaka ya dhambi. Ni kama lita mbili, karibu na pishi ya watu wa pwani. Unga hauna shingo. Haulii wala hautoi damu, na huwezi kuuadhibu. Hata hivyo Torati inasema kuhani atamfanyia mtu huyo upatanisho, naye atasamehewa.

Yapo mawili mengine ambayo mimbari zetu huyasahau. Kwanza, kwa aliyetenda makusudi, kwa kiburi, kitabu cha Hesabu hakimpi mnyama wa kuleta. Sadaka ya dhambi ilikuwa ya aliyekosa bila kukusudia. Pili, aliyemdhulumu jirani yake alitakiwa kwanza arudishe mali na kuongeza sehemu ya tano, ndipo alete kondoo dume wa hatia. Mishna ikaja kulitilia mkazo: makosa ya mtu kwa mwenzake, Siku ya Upatanisho haiyafuti mpaka amridhishe mwenzake.

Siku hiyo yenyewe ilikuwa kilele cha mwaka. Kuhani Mkuu alitengwa na nyumba yake siku saba kabla, na usiku wa mwisho vijana wa kikuhani walimzuia asilale. Alizama majini mara tano, akanawa mikono na miguu mara kumi, akavua mavazi ya dhahabu na kuvaa kitani nyeupe. Kisha aliingia peke yake Patakatifu pa Patakatifu. Katika Hekalu la pili hapakuwa na Sanduku la Agano. Mishna inasema palikuwa na jiwe tu, limeinuka vidole vitatu kutoka sakafuni, na hapo aliweka chetezo cha uvumba. Pompeyo wa Roma, aliyejiingiza humo kwa nguvu mwaka 63 KK, hakuona sanamu yoyote.

Mbuzi walikuwa wawili, na kura iliamua nani wa Bwana na nani wa Azazeli. Wa Bwana alichinjwa, damu yake ikaingizwa ndani kupangusa. Yule wa pili, Kuhani Mkuu alimwekea mikono yote miwili kichwani, akaungama juu yake maovu yote ya Israeli, kisha mbuzi akakabidhiwa mtu wa kumpeleka jangwani. Njiani palikuwa na vibanda kumi, na kwenye kila kibanda yule mtu aliambiwa kuna chakula, kuna maji. Mwishoni alifika kwenye genge. Aligawa uzi mwekundu wa sufu, nusu akaifunga kwenye mwamba na nusu kati ya pembe za mbuzi, akamsukuma kwa nyuma. Kabla hajafika nusu ya mteremko, mbuzi alikuwa vipande.

Magazeti yetu hupenda kumwita mtu anayebebeshwa lawama za wengine “mbuzi wa kafara”. Wazee wana neno “bangusilo”. Katika msemo wetu wa leo mbuzi wawili wamekuwa mmoja. Aliyebebeshwa dhambi hakuchinjwa madhabahuni, na asingeweza kuchinjwa, kwa kuwa alikuwa amechafuka. Aliyechinjwa alikuwa safi. Mmoja alisafisha nyumba, mwingine akatoa takataka. Tofauti hii naiona nzito kuliko nyingine zote katika habari hii, maana karibu ubishi wote wa Wakristo kuhusu kifo cha Yesu umezaliwa na kuwaunganisha hao mbuzi wawili.

Manabii walikuwa wameyapinga matoleo karne nyingi kabla. Amosi, Isaya na Mika walisema Mungu amechoshwa na harufu ya mafuta ya wanyama wakati maskini anauzwa kwa deni la viatu. Wengi hudhani waliikataa sadaka yenyewe. Mimi naona walidai kile ambacho Torati ilikwisha kukidai: rudisha kwanza, ongeza sehemu ya tano, ndipo uje. Hosea alikwenda mbali zaidi akasema Mungu anataka fadhili kuliko dhabihu, na maneno yake yatarudi.

Yesu wa Nazareti alizaliwa, akaishi na akafa ndani ya mfumo huu. Alimtuma mkoma aliyeponywa kwa kuhani akatoe sadaka aliyoagiza Musa. Alizipindua meza za wavunja fedha na viti vya waliouza njiwa, njiwa walewale wa akina mama maskini. Wanafunzi wake hawakuliacha Hekalu baada ya Msalaba. Matendo ya Mitume inawaonyesha wakipanda kusali saa tisa, saa ya tamid ya alasiri. Zaidi ya miaka 20 baadaye, katika sura ya 21, Paulo anakubali kugharimia Wanadhiri wanne wamalize nadhiri zao. Sheria ya Wanadhiri katika Hesabu 6 inataka kila mmoja alete mwanakondoo dume, mwanakondoo jike wa sadaka ya dhambi, na kondoo dume wa amani. Paulo alikamatwa kabla siku hazijatimia. Lakini aliyekwisha kuwaandikia Warumi juu ya damu ya Kristo hakuona ajabu kulipia wanyama wa madhabahu.

Walipotafuta maneno ya kueleza kilichotokea pale Golgotha, Wayahudi hawa wa kwanza waliomwamini waliyachukua kutoka Hekaluni, kila mmoja kwa mkono wake. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba Kristo ndiye Pasaka wetu. Na kondoo wa Pasaka hakuwa wa dhambi, alikuwa chakula cha familia usiku wa kutoka utumwani. Yohana anaipanga Injili yake hata Yesu anakufa siku ya Maandalio, kondoo wa Pasaka wanapochinjwa, na mifupa yake haivunjwi, kama ilivyoagizwa kwa kondoo yule. Marko anatumia neno fidia, ambalo kwa Kigiriki lilikuwa bei ya kumwachia mtumwa au mateka. Kwa Warumi, Paulo anasema Mungu amemweka Kristo kuwa hilasterion. Neno hilohilo likitokea katika Waebrania 9, Biblia yetu ya Kiswahili inasema “kiti cha rehema”, kifuniko cha Sanduku alichonyunyizia Kuhani Mkuu. Katika Warumi 3 inasema “upatanisho”. Msomaji wa Kiswahili hajui kwamba amekutana na neno moja mara mbili.

Waraka kwa Waebrania ndio uliokwenda mbali kuliko vyote. Mwandishi wake hajulikani. Origeni, msomi wa Aleksandria wa karne ya 3, alisema Mungu peke yake ndiye anayemjua. Mwandishi huyo anaiona Siku ya Upatanisho yote kama kivuli: Kristo ni Kuhani Mkuu na pia ni sadaka, ameingia mara moja katika patakatifu pa mbinguni kwa damu yake mwenyewe, na damu ya mafahali na mbuzi haiwezi kuondoa dhambi. Hata hapo angalia anachosisitiza: kuingia na kutakasa dhamiri. Yanabaki kukaribia na kupangusa.

Habari ya adhabu ina chimbuko jingine, nalo ni Isaya 53, mtumishi anayejeruhiwa kwa makosa ya wengine. Wakristo waliisoma sura hiyo tangu mwanzo, na Waraka wa Kwanza wa Petro umejaa maneno yake. Anayehubiri kwamba Yesu alibeba adhabu yetu ana andiko. Andiko lake si Mambo ya Walawi, na anapolivika mavazi ya Walawi anamdhulumu yule mama wa hua wawili.

Mwaka 66 BK Wayahudi waliasi dhidi ya Roma. Miaka minne baadaye Tito aliuzingira mji. Yosefo, mwanahistoria ambaye mwenyewe alikuwa wa ukoo wa kikuhani na wakati huo alikuwa upande wa Warumi, anaandika kwamba siku ya 17 ya mwezi uitwao na Wayahudi Tamuzi sadaka ya kila siku ilikoma, na watu wakahuzunika vibaya. Fikiria moto uliowaka kila alfajiri kwa karne nyingi, halafu asubuhi moja hakuna kura, hakuna mwanakondoo, mtambo wa Ben Katin haulii. Wiki tatu baadaye Hekalu liliteketea.

Inasimuliwa kwamba Rabani Yohanani ben Zakai alikuwa akitoka Yerusalemu na mwanafunzi wake Yehoshua, wakayaona magofu. Yehoshua akalia: ole wetu, mahali palipofanyiwa upatanisho wa Israeli pamebomoka. Mzee akamjibu: usihuzunike, tunao upatanisho mwingine unaolingana na huo, matendo ya fadhili. Akamtajia neno la Hosea. Ni neno lilelile ambalo Injili ya Mathayo inasema Yesu alilitumia mara mbili kwa waliomlaumu. Nyumba moja ilipoungua, warithi wake wawili walikimbilia mstari mmoja wa nabii.

Marabi waliziweka sala mahali pa tamid, ya asubuhi na ya alasiri, na toba, sadaka kwa maskini na kufunga mahali pa mbuzi. Matumaini ya kurudi hayakufa. Yamo katika sala zao hadi leo. Kaisari Juliani aliagiza Hekalu lijengwe tena mwaka 363, kazi ikakwama, naye akafia vitani Uajemi mwaka huohuo. Karne ya 12 Maimonide aliandika katika Mwongozo wa Waliotatizika kwamba Mungu aliruhusu dhabihu kwa kuwa watu wa zama zile wasingeweza kufikiri ibada bila hiyo, na marabi wengine walimpinga vikali. Wakati huohuo yeye mwenyewe alikwisha kuziandika kanuni zote za dhabihu kwa siku Hekalu litakapojengwa.

Wakristo nao walibaki na swali: damu hii ilifanya nini hasa? Wa kwanza walishika neno fidia. Gregori wa Nisa, karne ya 4, alifananisha umwilisho na chambo juu ya ndoana: Shetani alimeza mwili, akanaswa na Uungu uliojificha ndani yake. Gregori wa Nazianzo akakataa katakata, akauliza fidia ililipwa kwa nani. Mwizi apewe bei? Kwetu fidia si neno la vitabuni tu. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwanunua watumwa kwa fedha taslimu ili wawaachie huru, na waliokombolewa walijua bei yao na aliyeipokea. Nadhani Gregori wa Nazianzo angesikilizwa vizuri Bagamoyo.

Anselmi, Askofu Mkuu wa Canterbury, alimaliza mwaka 1098 kitabu chake Cur Deus Homo, yaani Kwa nini Mungu alifanyika mtu. Aliishi katika dunia ya mabwana na watwana, na dhambi aliiona kama heshima ya Bwana iliyoporwa. Ama malipo yatolewe au adhabu ifuate, alisema, na Kristo alitoa malipo. Kwake malipo yalikuja mahali pa adhabu, jambo ambalo wengi wanaomtaja leo hawalijui. Abelardi, aliyekufa 1142, alitazama zaidi upendo ulioonyeshwa Msalabani na jinsi unavyouwasha wetu. Ni Matengenezo ya karne ya 16, na hasa Calvin, aliyesomea sheria kabla ya theolojia, yaliyokipeleka kifo cha Yesu mahakamani: hukumu imetolewa, na asiye na hatia anaitumikia. Waorthodoksi wa Mashariki hawakulifuata shauri hilo, nao wanaimba ushindi juu ya mauti kila Pasaka. Mwaka 1930 mwanateolojia wa Kilutheri wa Uswidi, Gustaf Aulén, aliwakumbusha watu wa Magharibi kwamba ushindi huo ndio uliokuwa wimbo wa Kanisa la kwanza.

Mafundisho ya Calvin na wafuasi wake ndiyo yaliyokuja na misheni nyingi hapa kwetu, na ndiyo yanayosikika kwenye mikutano ya injili kutoka Mombasa hadi Mbeya. Siwaombi wahubiri wayaache. Naomba tu wasiyaweke katika kinywa cha makuhani ambao hawakuyasema. Wayahudi wa Hekalu hawakuwa watu wa Mungu mwenye kiu ya damu, aliyesubiri kila asubuhi mnyama apigwe kwa niaba ya mtu. Walikuwa watu walioogopa Nyumba ya Mungu isichafuke, walionyunyiza uhai juu ya mauti, waliomwambia mwizi arudishe kwanza, na walioshusha bei ya njiwa. Picha ile ya uongo imewagharimu Wayahudi wengi maisha yao mikononi mwa Wakristo, na hilo peke yake lingetosha kutufanya tusome kwa makini.

Kwenye Mlima Gerizimu, karibu na Nablus, Wasamaria, jumuiya isiyofika watu elfu moja, bado wanachinja kondoo wa Pasaka kila mwaka jua linapotua, wamevaa nyeupe, wakiwachoma katika mashimo ya moto na kuwala usiku kwa haraka. Yerusalemu hakuna madhabahu tangu mwaka 70.

Ijumaa Kuu ijayo, kabla ya mahubiri, fungua Mambo ya Walawi sura ya 5 uanzie mstari wa 7. Soma kondoo, kisha njiwa, kisha unga, mpaka mahali panaposema atasamehewa. Ukiwa mhubiri, wasomee watu mistari hiyo kwa sauti.